Florence Nightingale, aliyewajali wauguzi wake

Siku ya wauguzi duniani, Mei 12, ndiyo aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820. Mwaka 1854 Mwingereza huyo aliongoza wauguzi 38 hadi Scutari, Uturuki, kutibu askari wa vita vya Crimea. Wananchi wakamchangia pesa za shukrani. Naye akazifungulia shule ya wauguzi London, 1860. Tangu 1872, ingawa mgonjwa, aliwaandikia wanafunzi barua karibu kila mwaka na kuwaalika nyumbani kwa chai. Gharama ndogo hiyo! Masisi na Walikale, wauguzi wengi wanahudumia majeruhi bila mshahara wa serikali, na hata asante ni adimu. Nightingale alifariki Agosti 13, 1910. Kaburini waliandika herufi mbili tu za jina lake, na tarehe.