Dk. Burkitt na waliomsaidia bila ujira kuifahamu saratani ya watoto

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, Dk. Denis Burkitt aliitwa na mwenzake, Dk. Hugh Trowell, amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya zote mbili, kulia na kushoto. Haukuwa ugonjwa alioufahamu. Baada ya muda mfupi, akiwa Jinja, akamwona kupitia dirishani mtoto mwingine aliyevimba vivyo hivyo. Tangu hapo hakutulia.

Burkitt alizaliwa mwaka 1911 mjini Enniskillen, Ireland. Ajali ya utotoni ilimpotezea jicho moja, jambo ambalo halikumzuia kuwa daktari wa upasuaji. Alifika Uganda mwaka 1946, akaanzia kazi Lira.

Alitaka kujua uvimbe ule unapatikana wapi na wapi haupatikani. Hakuwa na maabara kubwa wala fungu nono. Ruzuku yake ya kwanza ilikuwa pauni 25. Kwa fedha hizo alichapisha vipeperushi vyenye picha za wagonjwa, akavituma katika hospitali za serikali na za misheni barani Afrika. Madaktari walioelemewa na misururu ya wagonjwa wao wenyewe wakatenga muda wa kupekua kumbukumbu na kumjibu. Hakuna aliyewalipa kwa kazi hiyo. Majibu yao ndiyo yaliyochora ukanda wa ugonjwa kwenye ramani, ukikatiza Afrika ya kitropiki.

Oktoba 1961, yeye na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu lililonunuliwa kwa pauni 250. Kwa wiki kumi walisafiri takriban kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini, wakipitia hospitali zaidi ya 50. Kila mahali walimwonyesha mganga picha zile zile na kumuuliza kama aliwahi kuwaona watoto wa namna hiyo. Ikadhihirika kwamba ugonjwa ulihusiana na joto na mvua, na kwamba nyanda za juu zenye baridi zilisalimika. Ilikuwa karibu ramani ile ile ya malaria, na uhusiano huo ulikuja kuthibitishwa na watafiti wengine.

Mapema mwaka huo huo alikuwa ametoa mhadhara London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwapo Anthony Epstein, ambaye kwa sampuli zilizotoka Uganda aligundua, pamoja na wenzake, virusi vya Epstein-Barr mwaka 1964. Burkitt naye aliwatibu watoto kwa dawa badala ya kisu, na baadhi yao walipona kabisa.

Aliondoka Uganda mwaka 1966, akafariki Uingereza mwaka 1993. Ugonjwa unaitwa kwa jina lake. Waliomjibu kwa barua ni wachache wanaotajwa, ingawa bila wao angebaki na wagonjwa wa Kampala tu. Williams alirejea katika hospitali ya misheni ya Kuluva, karibu na Arua, akaendelea kuandika habari za kila mtoto mwenye uvimbe aliyeletwa kwake. Kumbukumbu hizo zikatumiwa na watafiti kwa miaka mingi.