Emin Pasha na karamu ya shampeni Bagamoyo

USIKU wa Desemba 4, 1889, katika nyumba ya ghorofa mjini Bagamoyo, ofisa wa Kijerumani Hermann von Wissmann aliandaa karamu kubwa. Bendi ya meli ya kivita ilipiga muziki na shampeni ilimiminwa. Kabla karamu haijaisha, mmoja wa wageni wawili walioandaliwa shughuli hiyo alikuwa chini, nje ya nyumba, amejeruhiwa vibaya kichwani.

Mgeni huyo alikuwa Emin Pasha. Jina lake la kuzaliwa ni Eduard Schnitzer, aliyezaliwa mwaka 1840 katika mji wa Oppeln, ambao leo uko Poland. Alisomea udaktari, akafanya kazi katika dola ya Uturuki, kisha akaenda Sudan. Mwaka 1878 akawa gavana wa jimbo la Ikweta, kusini mwa Sudan.

Jimbo alilipokea likiendeshwa kwa hasara. Alihimiza kilimo, na baada ya miaka michache mapato yakazidi matumizi. Vita vya Mahdi vilipofunga njia ya kaskazini, bidhaa za nje zilikatika. Watu wake wakalima pamba, wakafuma nguo na kutengeneza viatu vyao. Asali ikachukua nafasi ya sukari.

Mwaka 1887 Henry Morton Stanley aliondoka Zanzibar kwenda kumwokoa, akiwa na wachukuzi zaidi ya 600. Walizunguka kwa meli hadi mdomo wa mto Kongo, kisha wakapenya msitu wa Ituri. Chini ya nusu yao ndio walioiona Zanzibar tena.

Katika mizigo hiyo zilikuwamo chupa ndogo chache za shampeni. Aprili 1888, Stanley na Emin walipokutana kando ya Ziwa Albert, chupa hizo zilifunguliwa ili kumtakia gavana afya njema. Ajabu ni kwamba waokoaji ndio waliokuwa na njaa na nguo zilizochakaa. Emin ndiye aliyewapa chakula na nguo.

Walifika Bagamoyo mwaka uliofuata. Wissmann alikuwa bado katika vita na wenyeji wa pwani. Siku 11 baada ya karamu ile, kiongozi wao, Abushiri bin Salim, alinyongwa Pangani. Kwa hiyo meza ile ilikuwa na hesabu zake. Waingereza walikwishampa Emin ahadi ya kazi, Mfalme Leopold wa Ubelgiji naye vilevile, na sasa Wajerumani walimtaka awe wao.

Shampeni ilifaa kwa shughuli ya namna hiyo, kwa sababu ni kinywaji cha heshima. Lakini inataka mhudumu anayeijua. Shinikizo ndani ya chupa yake ni zaidi ya mara mbili ya lile la tairi la gari. Kwanza chupa hupozwa vizuri bila kutikiswa. Waya hulegezwa huku kidole gumba kikikandamiza kizibo, na mdomo wa chupa huelekezwa pasipo na mtu. Chupa huinamishwa kidogo. Kizibo hushikwa imara na kinachozungushwa ni chupa. Kizibo kitoke kwa mvumo mdogo, si kwa mlio wa bunduki. Humiminwa kidogo, povu litulie, ndipo huongezwa, na glasi haijazwi hadi ukingoni.

Hata hivyo, kazi ya mwenyeji haiishii kwenye glasi. Mapovu huharakisha kilevi kuingia mwilini, na glasi inayoongezwa kila mara humfanya mgeni apoteze hesabu. Stanley mwenyewe, alipokaribishwa shampeni mchana ule, aliichanganya na maji kwa tahadhari.

Emin alikuwa na tatizo jingine: macho yake yalikuwa mabovu sana. Baada ya hotuba na kutakiana heri alisimama kupunga hewa. Dirisha lilikuwa chini, karibu na sakafu, naye akadhani ni mlango wa roshani. Akatoka, akaanguka hadi chini. Katika karamu ile ya watu zaidi ya 30, hakuna aliyemshika mkono.

Alilazwa hospitali ya Wajerumani hapo Bagamoyo kwa wiki kadhaa. Stanley akaondoka kwenda Zanzibar bila yeye. Wahenga husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wajerumani walifanya hivyo: Aprili 1890 Emin aliondoka Bagamoyo akiongoza msafara wao kwenda bara, na mwishoni mwa mwaka huo akaanzisha kituo cha Bukoba. Aliuawa Oktoba 1892 mashariki mwa Kongo.

Kwa mfanyabiashara mwenye nyumba ya wageni au ukumbi wa harusi, kuanzia Bagamoyo hadi Pangani, kisa hiki kina hesabu ya bure. Chupa ya bei kubwa haifidii dirisha lisilo na kizuizi, ngazi isiyo na taa, wala mhudumu anayetazama chupa bila kumtazama mgeni. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Usiku ule wa Bagamoyo, wenyeji walipona na mgeni akavunjika.