Jacques Cousteau, Mpiga Mbizi

Maji ya mto Kilombero yakiisha kupita Ifakara hushuka hata kukutana na mto Luwegu, na tangu hapo mto huitwa Rufiji. Rufiji nao huingia baharini mkabala wa kisiwa cha Mafia. Huko Mafia, chini ya maji, kuna mfano wa bustani za mawe ya rangi nyingi, yaitwayo matumbawe. Wanaoyajenga ni vinyama vidogo sana, ambavyo hujifanyia nyumba za chokaa, kizazi juu ya kizazi, hata mwamba ukawa mkubwa. Na katika mianya yake samaki hula, hujificha na kuzaa. Watu wa pwani wamezama huko tangu kale, lakini kwa pumzi moja ya kifua, na pumzi ya mtu ni fupi. Mmoja wa wale waliowawezesha watu kukaa chini na kutazama kwa utulivu ni Mfaransa, Jacques Cousteau.

Alizaliwa tarehe 11 Juni 1910 katika mji mdogo wa Saint-André-de-Cubzac. Utotoni alikuwa dhaifu wa mwili. Alipokua akaingia katika jeshi la manowari, akatamani kuwa rubani wa ndege. Walakini mwaka 1936 alipata ajali ya motokaa, mikono yake ikaumia vibaya. Waganga walitaka kumkata mkono mmoja, naye akakataa. Basi, ili mikono ipate nguvu tena, akawa akiogelea katika bahari ya Mediterania karibu na mji wa Toulon. Siku moja alivaa miwani ya kuzamia, akatia uso majini. Chini aliona majani, mawe na samaki waziwazi; akainua kichwa, akaona watu wakipita njiani kama kawaida, wasijue kilichoko hatua chache tu kutoka kwao. Tangu siku ile moyo wake ukawa baharini.

Wakati wa vita kuu ya pili petroli ilikuwa haba, na fundi mmoja aitwaye Émile Gagnan alikuwa ametengeneza kilango kidogo cha kupitishia gesi katika injini za motokaa. Cousteau akaona ya kuwa kilango cha namna hiyo chaweza kumpa mtu hewa kutoka katika mitungi, kwa kadiri ya pumzi zake, wala si zaidi. Mwaka 1943 wakakijaribu chombo chao katika mto Marne. Alipolala juu ya maji kifudifudi alipumua vema. Aliposimama hewa ikatoka kwa fujo. Alipoinamisha kichwa chini haikutoka ila kwa shida. Wengine wangekata tamaa. Wao wakatafuta sababu, wakahamisha mahali pa kutolea hewa pawe sawa na kilango, na tatizo likaisha. Mwaka ule ule Cousteau akazama baharini huru kama samaki, bila kamba wala mpira wa kumfunga na chombo juu.

Baada ya vita alipata meli, jina lake Calypso. Mwaka 1955 akasafiri nayo kupita Bahari ya Sham hata kufika Bahari ya Hindi, katika kisiwa cha Assumption karibu na Aldabra, mashariki ya pwani yetu ya kusini. Huko chewa mmoja mkubwa aliwazoea wapiga mbizi, akawafuata kama mbwa amfuatavyo bwana wake, hata ikawapasa kumfungia kwa muda katika kizimba, maana aliwafukuza samaki wengine wasilishwe.

Lakini katika safari ile ile watu wa Cousteau walilipua mwamba wa matumbawe kwa baruti, ili wahesabu samaki waliomo. Udhuru wao ulikuwa kwamba haikuwapo njia nyingine ya kuwahesabu wote. Samaki walikufa, wakubwa kwa wadogo, na sinema waliyoitengeneza ikaonyesha jambo hilo wazi. Wavuvi wa pwani ya Tanzania waliovua kwa baruti walifanya uharibifu uo huo, wala hawakuwa na haja ya kuhesabu. Mwamba uliovunjwa huchukua miaka mingi kujengwa upya.

Miaka ilipopita, Cousteau alirudi kuzama mahali alipopajua, akaona samaki wamepungua. Mwaka 1960 Wafaransa walitaka kutupa takataka za nguvu ya atomi katika Mediterania. Naye akasimama kuwapinga, na shauri lile likaachwa. Mwaka 1973 akaanzisha chama cha kuilinda bahari. Mwanawe Philippe, aliyekuwa msaidizi wake katika kazi hiyo, akafa katika ajali ya ndege mwaka 1979, na mzee akaendelea.

Mwaka 1995 sehemu ya bahari ya Mafia ilifanywa hifadhi, ya kwanza ya namna hiyo katika Tanzania. Mwaka uliofuata Calypso ikagongwa, ikazama bandarini Singapore. Cousteau alifariki Paris tarehe 25 Juni 1997, mwenye umri wa miaka 87, akazikwa katika mji aliozaliwa.