Robert Koch na Jicho la Hadubini

Mbuzi wa Idd ndio walionifikisha Nuu, kule Ukambani, mimi mtu wa pwani. Nilikwenda na kikohozi changu cha wiki sita, ambacho muuza dawa mmoja kwetu alikwisha kukiuzia chupa tatu bila ya kunipima. Kijana wa maabara kule Nuu hakunipa hata kidonge. Alichukua makohozi yangu, akayapaka juu ya kioo, akatia rangi, akainamia hadubini. Kisha akanitaka nirudi kesho na makohozi mengine; hasemi neno mpaka aone mara mbili. Nilikasirika. Lakini usiku ule nilimkumbuka tabibu aliyeianzisha njia hiyo.

Robert Koch alizaliwa Clausthal, Ujerumani, mwaka 1843. Inasemekana alipofika miaka mitano alikwisha kujifunza kusoma kwa kutazama magazeti. Alipokuwa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, mkewe Emmy alimtunza hadubini. Maabara hakuwa nayo. Alifanya uchunguzi nyumbani, baada ya kutibu wagonjwa. Mwaka 1876 akathibitisha kwamba kimeta, maradhi yauayo ng'ombe na kondoo, huletwa na kijidudu.

Ndipo akakikabili kifua kikuu, ambacho wengi walidhani ni cha kurithi. Kijidudu chake hakishiki rangi upesi, wala hakioti upesi. Huchukua wiki kadhaa. Koch alisubiri. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, akawaonyesha wenzake vijiti vyembamba vya buluu chini ya hadubini.

Lakini haraka haraka haina baraka. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu, tuberkulini, kabla haijajaribiwa vya kutosha. Wagonjwa wakamiminika Berlin. Haikuwaponya, na wengine wakafa.

Afrika Mashariki aliifahamu, maana mwaka 1897 alifika Dar es Salaam kuchunguza malaria. Mwaka 1905 alipata Tuzo ya Nobel, na mwaka uliofuata akaenda Visiwa vya Sese, Uganda, ambako malale yakiangamiza watu. Aliwadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki. Kwenye hadubini vijidudu vilitoweka, kisha vikarejea. Akaongeza kipimo, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Habari hii haitajwi sana Koch anaposifiwa, nami naona si haki kuificha, kwani waliopofuka ni ndugu zetu.

Alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910.

Asubuhi nilirudi. Kijana aliangalia kioo cha pili, akaniruhusu nami nichungulie: vijiti vyekundu juu ya buluu, siku hizi rangi ni hizo. Nilimeza dawa miezi sita, na leo ni mzima, alhamdulillahi. Msomaji mpenzi, ukiwa na kikohozi kisichokwisha, usinunue chupa. Nenda ukapimwe, na ukiambiwa urudi kesho, rudi.