Maisha ya Hadhrat Asma binti Abubakar r.a.

Wako watu wadhanio kwamba mwanamke ashughulikaye na jiko, maji na malezi ya watoto hana sehemu kubwa katika historia ya dini. Maisha ya Hadhrat Asma r.a. yanaliondoa kabisa wazo hilo. Yeye alikuwa binti wa Hadhrat Abubakar r.a., Khalifa wa kwanza, na dada wa Hadhrat Aisha r.a. kwa baba. Aliishi karibu miaka mia moja, na sehemu kubwa ya umri huo aliitumia katika kazi za nyumbani. Lakini kila Uislamu ulipofikwa na saa ngumu, mkono wake ulionekana.

Alizaliwa Maka yapata mwaka 595. Mama yake, Kutaila, alikuwa ameachwa na Hadhrat Abubakar r.a. kabla ya Uislamu, naye akabaki katika ibada ya masanamu. Asma mwenyewe aliingia katika Uislamu mapema mno, hata wanahistoria wanasema kwamba waliomtangulia hawakufika ishirini. Akaolewa na Hadhrat Zubair bin Awwam r.a., kijana shujaa ambaye mama yake alikuwa shangazi wa Mtume Mtukufu s.a.w.

Ulipofika mwaka 622, Mtume s.a.w. na Hadhrat Abubakar r.a. waliondoka Maka kwa siri wakajificha katika pango la Thauri kwa siku tatu. Hadhrat Asma r.a. alishiriki katika kuwatayarishia chakula cha safari. Alipokosa kamba ya kufungia mfuko wa chakula na kiriba cha maji, aliupasua mshipi wake vipande viwili, akafunga kwavyo. Kwa ajili hiyo aliitwa mwenye mishipi miwili, na jina hilo limedumu mpaka leo. Abu Jahli alipokuja mlangoni kuuliza baba yake yuko wapi, binti huyu hakuitoa siri. Akapigwa kofi zito hata kipuli chake kikaanguka.

Baba yake alikuwa amechukua fedha zake zote kwa ajili ya safari. Babu yake, mzee Abu Kuhafa, ambaye alikuwa kipofu na bado hajasilimu, akaja kwa masikitiko, akihofu kwamba wajukuu wameachwa bila kitu. Hadhrat Asma r.a. akaweka vijiwe katika shubaka ambamo baba yake alizoea kuweka fedha, akavifunika kwa nguo, akamshika mzee mkono ili apapase. Mzee akatulia. Kwa kweli hawakuachiwa kitu. Yeye alitaka tu moyo wa mzee upate amani.

Baadaye naye alihama hali akiwa mja mzito, akajifungua Abdullah huko Kuba, karibu na Madina. Huyo alikuwa mtoto wa kwanza kuzaliwa kwa Wahajiri baada ya Hijra, na Waislamu walifurahi sana.

Maisha ya Madina yalikuwa ya dhiki. Mumewe hakuwa na mali ila farasi na ngamia wa kutekea maji. Hadhrat Asma r.a. alimlisha farasi huyo, alichota maji, alishona ndoo ya ngozi na kukanda unga. Mkate hakujua kuuoka vizuri, basi majirani zake wa Kiansari, wanawake wema, walimwokea. Alikuwa akibeba kichwani kokwa za tende kutoka shambani, mwendo wa zaidi ya kilomita tatu. Siku moja Mtume s.a.w. alimkuta njiani na mzigo wake, akampigisha ngamia magoti ili ampakie. Yeye akaona haya kwenda pamoja na wanaume, tena akaukumbuka wivu wa mumewe, Mtume s.a.w. alipoiona haya yake akaendelea na safari. Zubair alipoambiwa, alisema kwamba kumwona akibeba kokwa kulimwuma zaidi kuliko kama angalipanda ngamia huyo. Hatimaye Hadhrat Abubakar r.a. alimpelekea mtumishi wa kumtunza farasi, naye akaona kana kwamba ameachwa huru kutoka utumwani.

Na sasa, ndugu msomaji, ikiwa wewe umeingia katika Uislamu na wazazi wako bado wamo katika dini yao ya zamani, litazame vizuri jambo hili. Baada ya mapatano ya Hudaibiya ya mwaka 628, Kutaila alikuja Madina kumtembelea binti yake. Hadhrat Asma r.a. akaingiwa na wasiwasi: je, imani yake inamruhusu kumpokea mama aabuduye masanamu? Hakufuata huzuni yake wala hasira yake, bali alipeleka swali kwa Mtume s.a.w. Jibu likawa kwamba aunge udugu na mama yake na kumtendea wema. Na Sura Al-Mumtahina inafundisha wazi kwamba Mwenyezi Mungu hakatazi kuwatendea wema wale wasiowapiga vita Waislamu kwa sababu ya dini. Basi anayedhani kwamba kusilimu ni kuwatupa wazazi, hajaufahamu Uislamu.

Alipata watoto kadhaa, na mmoja wao, Urwa, alikuwa mwanachuoni mkubwa wa Madina. Katika uzee wake Hadhrat Asma r.a. naye alipofuka macho, lakini akili yake haikupungua. Mwaka 692 jeshi la Hajjaj liliizingira Maka, na wengi wakamwacha Abdullah. Akaja kwa mama yake kutaka shauri. Mama akamwambia kwamba, kama anajua yuko katika haki, asimame juu yake. Abdullah akaonyesha hofu kwamba maiti yake itaharibiwa. Mama akamjibu kwamba kondoo akishachinjwa haumizwi tena na kuchunwa. Alipomkumbatia akapapasa deraya mwilini mwake, akamtaka aivue, kwani haikumfaa mtu atafutaye kufa kishahidi.

Abdullah aliuawa na mwili wake ukatundikwa. Hajjaj akamwita mama, naye akakataa kwenda. Hata jabari huyo akalazimika kumwendea mwenyewe. Akamjibu bila woga kwamba amemharibia mwanawe dunia, lakini mwanawe amemharibia yeye akhera. Siku chache baada ya mwanawe kuzikwa, naye alifariki.

Mkono uliopasua mshipi ndio uliokanda unga, na ndio uliomwaga mwana kwa mara ya mwisho. Mwenyezi Mungu awe radhi naye, na azijalie nyumba zetu akina mama wenye imani kama yake. Amin.