Cecilia Payne-Gaposchkin

Cecilia Payne-Gaposchkin (Wendover, Uingereza, 10 Mei 1900 – Cambridge, Massachusetts, Marekani, 7 Desemba 1979) alikuwa mwanaastronomia aliyegundua kwamba nyota zimeundwa hasa kwa hidrojeni na heli. Ugunduzi huo aliufanya akiwa bado mwanafunzi, katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1925.

Maisha ya awali na elimu

Baba yake alifariki Cecilia akiwa na umri wa miaka 4. Mwaka 1919 alipata ufadhili wa kusoma katika Chuo cha Newnham, Chuo Kikuu cha Cambridge, alikoanza na botania, fizikia na kemia. Huko alisikia mhadhara wa Arthur Eddington kuhusu safari yake ya kisiwa cha Príncipe, Afrika, kuchunguza kupatwa kwa Jua. Tangu hapo alivutwa na astronomia.

Alimaliza masomo bila kupewa shahada, kwa sababu Cambridge haikuwapa wanawake shahada hadi mwaka 1948. Mwaka 1923 alihamia Marekani kwa ufadhili wa Paoneaanga pa Harvard, palipoongozwa na Harlow Shapley, aliyekuwa msimamizi wa utafiti wake.

Utafiti wa uzamivu

Harvard ilikuwa na hazina kubwa ya mabamba ya kioo yenye picha za spektra za nyota. Katika spektra, kila elementi huacha mistari yake. Payne alitumia nadharia ya mwanafizikia Mhindi Meghnad Saha, inayoeleza jinsi joto linavyozifanya atomi zipoteze elektroni. Kwa njia hiyo alionyesha kwamba tofauti za mistari kati ya nyota na nyota hutokana zaidi na halijoto kuliko na tofauti za elementi zilizomo.

Hesabu zake zilionyesha pia kwamba hidrojeni ni nyingi kuliko metali karibu mara milioni moja. Wakati huo wataalamu waliamini kwamba Jua lina elementi kwa uwiano unaokaribia ule wa Dunia. Shapley alipeleka rasimu kwa Henry Norris Russell wa Princeton, aliyekuwa mwalimu wake mwenyewe. Russell alijibu kwamba matokeo hayo hayawezekani. Mtafiti kijana asingeweza kupuuza kauli ya mtu mwenye sauti kubwa kiasi hicho katika fani. Payne aliziacha takwimu zake katika tasnifu, lakini akaandika kwamba kiasi hicho cha hidrojeni karibu hakika si cha kweli.

Mwaka 1929 Russell alifikia hitimisho lilelile kwa njia nyingine, akautaja utafiti wa Payne. Hata hivyo, kwa miaka mingi sifa ya ugunduzi ilimwendea Russell.

Kazi ya baadaye

Payne alipewa shahada ya uzamivu na Chuo cha Radcliffe, chuo cha wanawake kilichohusiana na Harvard. Mwaka 1934 aliolewa na mwanaastronomia Sergei Gaposchkin, wakazaa watoto watatu na kuchunguza pamoja nyota zinazobadilika mwangaza. Kwa miaka mingi alifundisha Harvard kwa mshahara mdogo bila cheo cha mhadhiri. Mwaka 1956 akawa profesa kamili, kisha mkuu wa idara, mwanamke wa kwanza kuongoza idara chuoni hapo. Yeye mwenyewe alisimamia wanafunzi wa uzamivu, akiwemo Frank Drake.

Mwaka 1976 Chama cha Wanaastronomia cha Marekani kilimtunuku tuzo yenye jina la Henry Norris Russell.