Alitimuliwa chuo, akaja kutuonyesha mmea unapenda rangi gani

Kama umeona video za watu wanaolima saladi ndani ya nyumba, taa zikiwaka zambarau kama za klabu, labda ulidhani ni urembo tu. Zile ni LED nyekundu na buluu zimechanganywa. Na kwa hiyo nyekundu, kuna Mrusi mmoja unafaa kumjua: Kliment Timiryazev.

Alizaliwa St. Petersburg mwaka wa 1843. Akiwa chuo kikuu huko, wanafunzi walizua maandamano, na wakuu wakataka kila mmoja atie sahihi kwamba hatarudia. Jamaa akakataa, akatimuliwa. Lakini alirudi darasani kama msikilizaji tu, hadi akamaliza mwaka wa 1866. (Mimi nilipoacha chuo sikurudi hata kuchukua vitabu, kwa hivyo hapo nampa heko.)

Siku hizo wasomi walimwamini Draper wa New York, aliyesema mmea hufaidi zaidi mwanga wa manjano, ule unaong'aa sana machoni petu. Timiryazev akashuku. Aligundua upenyo wa kupitisha mwanga kwenye jaribio la Draper ulikuwa mpana mno, rangi zikaingiliana. Akaubana. Shida ni kwamba ukibana upenyo mwanga unapungua, na hewa inayobadilishwa na jani inakuwa kidogo ajabu, so ikabidi atengeneze vifaa vya kupima viputo vidogo sana. Jibu likatoka: nyekundu, ile ambayo klorofili huifyonza sana. Kijani ndiyo jani hurudisha kwa wingi, ndo maana tunaliona kijani.

Mwaka wa 1890 akafanya kitu kitamu zaidi. Aliweka mmea gizani hadi wanga ukaisha kwenye jani, akalimulikia rangi zote za upinde wa mvua, kisha akalitia iodini. Unakumbuka iodini ya maabara ya sekondari? Palipoangukiwa na nyekundu pakawa peusi.

Kiharusi kilimpoozesha upande mmoja mwaka wa 1909. Hata hivyo, 1911 alijiuzulu Chuo Kikuu cha Moscow pamoja na wenzake wengi, wakipinga serikali kuingilia chuo. Alifariki 1920.

LED nyekundu inayoonekana kwa macho ilikuja 1962. Yeye alitegemea jua na prizimu. Na ile buluu? Hiyo huzuia mche kurefuka ovyo, kwa hivyo ukinunua taa, usichukue nyekundu pekee.